Kodi ya Barabara Tusiyo Nayo: Waraka kwa Wanachama wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare

Kwa wazee wetu, kwa mama zetu, kwa ndugu na vijana, wanachama wote wa chama chetu: wakulima, wenye mashine, wapanda moto (pikipiki), watu wa kinga (baiskeli) na wenye mitumbwi, kuanzia ukingo wa Lualaba hapa Nyangwe hadi Kasongo na Kabambare.

 

Kamati imenipa kazi ya kuwaandikia juu ya bei ya esansi (petroli) na mazutu (dizeli). Katika mkutano uliopita yalisemwa mengi kwa uchungu, na uchungu huo ni wa haki. Lakini yalisemwa pia maneno ambayo yakifuatwa yatatuumiza wenyewe: kwamba vijana wauza chupa wafukuzwe sokoni, kwamba tufunge njia, kwamba tusilipe tena kodi yoyote ya serikali. Kabla hatujapitisha uamuzi, inafaa kila mwanachama aelewe fedha anayoitoa kwa chupa moja ya esansi inakwenda wapi. Usomeni waraka huu pamoja, kijiji kwa kijiji. Asiyejua kusoma asomewe wote, asikatiziwe.

Nianze na safari ya chupa yenyewe. Hapa Nyangwe hatuna pompi. Esansi tunayoinunua imetoka mbali sana. Iko inayoteremshwa bandarini Dar es Salaam, ikaikata Tanzania yote hadi Kigoma, ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie au Uvira, kisha ikaanza njia ya nchi kavu kuja kwetu, kwa lori pale lori linapopita na kwa moto pale lori linaposhindwa. Iko inayokuja na treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, kutoka kusini kupitia Kongolo, siku treni inapokuja, ikashushwa Samba, ng'ambo ya mto. Kila bido la lita 20 limepita mikono mingi kabla halijafika sokoni kwetu, na kila mkono umeongeza kitu kidogo, kwa kuwa mwenye mkono huo naye amelala njiani, amekula na kutengeneza magurudumu. Kijana anayeuza chupa kando ya soko, tunayemwita Kadhafi, ni wa mwisho katika mstari huo na faida yake haifiki mbali. Tukimfukuza tumemfukuza mtoto wetu, na kesho yake bei itapanda zaidi kwa sababu hakuna atakayethubutu kuuza hadharani.

Sasa sehemu ya serikali. Bei rasmi ya mafuta katika Kongo haipangwi na mwenye duka. Inapangwa Kinshasa kwa agizo la Waziri wa Uchumi wa Taifa, kanda kwa kanda: Magharibi, Kaskazini, Mashariki na Kusini. Karatasi ya bei hiyo ina mistari mingi. Uko mstari wa bei ya mafuta yenyewe yanapofika mpakani. Iko ya maghala, ya uchukuzi, na ya makampuni yanayouza. Halafu inakuja ya serikali: ushuru wa forodha, ushuru wa matumizi, TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchi yetu iliianza tarehe 1 Januari 2012 kwa kiwango cha asilimia 16, na mstari wa FONER.

Huo wa FONER ndio ninaowaomba muukazie macho. FONER ni Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, ulioundwa kwa sheria ya tarehe 7 Julai 2008. Fedha yake inatokana na malipo yanayotozwa barabarani na makato katika kila lita ya mafuta. Wazo lake ni la haki kabisa: anayetumia barabara aitunze, na kwa kuwa anayetumia barabara sana huchoma mafuta mengi, basi akatwe kwenye mafuta. Juu ya wazo hilo sina neno baya.

Ila lipimeni kwa njia yetu. Moto kwenye lami nzuri hula lita mbili au tatu kwa kilomita mia moja. Mtwike kijana magunia ya mchele umpeleke kwenye njia ya Nyangwe kwenda Kasongo wakati wa mvua. Atakwenda gia ya kwanza na ya pili tangu alfajiri. Atazima, atawasha, atashuka na kusukuma matopeni huku injini ikilia. Pale daraja lilipooza, atatafuta njia ya kuzunguka porini. Esansi ambayo ingemfikisha na kumrudisha inaishia kwenye kwenda peke yake. Umbali ni uleule, lakini amenunua mafuta mara mbili, na kila lita aliyoiongeza inayo ndani yake makato ya barabara. Basi hesabu yake ndiyo hii, ndugu zangu: kadiri barabara yetu inavyoharibika, ndivyo sisi tunavyochangia zaidi mfuko wa kuitengeneza. Anayepita kwenye lami ya Gombe, kule Kinshasa, hukatwa kidogo kwa kila kilomita aliyokwenda. Anayezama matopeni kati ya mto na Kasongo hukatwa mara mbili yake, na mwaka unaofuata shimo liko palepale, limekuwa refu zaidi.

Mwanachama mmoja alituambia mkutanoni kwamba mafuta mengi ya kwetu hupitia njia za panya, hivyo hayalipi FONER wala TVA. Kwa sehemu ni kweli. Lakini bido linalokwepa forodha halikwepi barieri. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji, pamoja na wenzao, walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini peke yake wakapata karibu 800. Mafuta yanayotutokea upande wa Uvira na Fizi hupita katikati ya hesabu hiyo. Kila kamba iliyovutwa katikati ya njia ina mtu wake, mwenye bunduki au mwenye kalamu, na mpanda moto akifika kwetu anaiingiza yote katika bei ya chupa. Anayelipa mwisho wa yote ni mama anayenunua nusu lita ili mashine imkobolee mpunga.

Kuna jambo lingine ambalo mimi linanichoma kuliko hayo. Bei ya dunia inapopanda, kama ilivyopanda mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, pipa likapita dola 100, serikali yetu hujitahidi kuzuia bei ya pompi isipande yote. Huyaahidi makampuni ya mafuta kuyalipa tofauti, ile inayoitwa manque à gagner, na kwa njia hiyo mamia ya mamilioni ya dola ya hazina yametoka. Hazina hiyo ni ya Wakongomani wote. Iko ndani yake TVA ya sabuni na chumvi ya Nyangwe. Lakini nafuu iliyonunuliwa kwa fedha hiyo inakaa kwenye pompi. Aliye na pompi karibu anaipata. Kutoka pompi hadi kijiji cha mwisho cha Kabambare hakuna bei rasmi, hakuna mkaguzi, na nafuu imekwisha yeyuka mikononi mwa watu kabla haijaona mto. Kodi inatufikia, nafuu haitufikii. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ninaamini wengi wanaopanga bei hizi wanadhani mzigo wetu ni mwepesi kwa sababu hawajawahi kuubeba.

Nani anaubeba? Si mwenye moto peke yake. Mnunuzi wa mchele anayetoka Kindu hapunguzi faida yake esansi ikipanda. Anampunguzia mkulima. Anasema: njia ni ghali, mchele wako nitauchukua kwa bei hii, ukikataa ukae nao. Bibi ambaye hajawahi kukaa juu ya moto maisha yake yote analipa esansi kila anapouza beseni la mchele au bido la mawese. Tena chumvi, sabuni, daftari za watoto na dawa anazonunua kwa fedha ileile nazo zimekuja kwa moto. Anakatwa akiuza, anakatwa akinunua.

Mimi ni mwenye mashine ya kukoboa, na ninasema hili kwa wenzangu wenye mashine. Mazutu yakipanda, sisi huongeza sehemu tunayoichukua kwa kila gunia. Wengi wetu tukishaiongeza hatuirudishi chini hata mazutu yakishuka. Tokeo lake mnaliona uani kwenu: vinu ambavyo vilikuwa vimelala sasa vinatwanga tena kabla ya jua kuchomoza, na anayetwanga ni mtoto wa kike anayetazamiwa saa moja na nusu awe darasani. Atafika amechelewa na mikono imechoka. Hiyo nayo ni kodi ya mafuta, ingawa hakuna karatasi ya Kinshasa inayoiandika.

Na kituo cha afya? Mama akishikwa na uchungu usio wa kawaida, muuguzi akasema apelekwe hospitali ya Kasongo, moto ipo, kijana yupo, na watu wanaanza kupita nyumba kwa nyumba na chupa tupu wakiomba esansi. Saa hizo mama anavuja damu. Sihitaji kueleza zaidi, maana karibu kila kijiji kina kaburi la namna hiyo.

Ndugu zetu wa Kabambare wana shida yao ya ziada. Kule Salamabila na Namoya kuna dhahabu, na penye dhahabu kuna pampu za kukausha mashimo na mashine za kusaga mawe, zote zinakunywa mafuta. Mchimbaji aliyepata anaweza kulipa bei yoyote. Hivyo bido linapita mbele ya shamba la muhogo likienda shimoni, na mkulima anabaki na masalio kwa bei ya dhahabu. Tangu mwaka 2025 mambo yamezidi kubana pande zote. Goma ilitekwa mwezi wa Januari, uwanja wake wa ndege ambao ulilisha Kindu kwa miaka mingi ukafungwa, na Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Bidhaa zilizokuwa zikitokea Kivu zikageuka kutafuta njia ndefu, na njia ndefu ni mafuta.

Vijana wetu huniambia: mzee, hii ni mipango ya Mungu, sisi tuko mbali. Nyangwe haikuwa mbali siku zote. Soko letu lilijulikana kabla Stanley hajaanzisha kituo kilichokuja kuwa Kinshasa. Livingstone alikuwa hapa mwaka 1871, na tarehe 15 Julai ya mwaka huo aliona watu wakipigwa risasi katikati ya soko, wengi wao mama waliokuja kuuza na kununua, na waliokimbilia mtoni wakazama. Kutoka hapa misafara ilishika njia ya Kasongo na Kabambare hadi Ujiji, pembe za ndovu zikiwa juu ya mabega ya babu zetu. Mwaka 1893 afisa Mbelgiji Dhanis aliingia Nyangwe na Kasongo kwa niaba ya serikali ya mfalme Leopold. Mwaka 1917 Wabelgiji waliweka sheria ya kilimo cha lazima, na Maniema ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Wenye njia walibadilika, lakini kazi ya njia ilibaki moja: kutoa mali huku ndani na kuipeleka mbali, na mbebaji akiwa mtu wa kijiji. Tangu 1960 tuna serikali yetu wenyewe. Kwa hiyo sisi tunayo haki ambayo babu zetu hawakuwa nayo, haki ya kuuliza fedha imekwenda wapi na kujibiwa.

Nirudi kwenye maneno ya mkutano. Kufunga njia kamati inakataa. Atakayekwama kwanza ni mgonjwa na mwenye mchele unaolowa, na atakayekuja kuifungua ni askari, naye akishafika atabaki na barieri yake. Wenzetu wa Kenya mwaka 2024 waliupinga mswada wa fedha hadi rais akakataa kuutia sahihi. Wengi wanakumbuka maandamano yale, na wanapaswa kukumbuka pia vijana waliokufa ndani yake. Lakini kabla ya maandamano vijana wale walikuwa wameusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, kila mmoja akajua mkate utapanda kwa nini. Nguvu yao ilianzia kwenye kusoma. Sisi hata karatasi ya bei ya kanda hatujawahi kuibandika ukutani.

Kukataa kodi yote pia kamati inakataa. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kuchangia gharama za taifa ni wajibu wa kila mtu anayeishi nchini. Lakini kifungu hichohicho kinasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Maneno hayo ni yetu kama yalivyo ya serikali. Kodi na tozo zote ambazo jimbo, mji, sekta na usultani wanaruhusiwa kutoza zimeorodheshwa katika amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Kinachodaiwa njiani kikiwa hakimo katika orodha hiyo, wala katika orodha ya serikali kuu, hakina haki ya kuitwa kodi hata kama anayekidai amevaa sare.

Kwa hiyo, wanachama, kamati inawaomba haya.

La kwanza ni kitansi, yaani stakabadhi. Usitoe faranka kwa mtu wa serikali bila kudai kitansi chenye jina la huduma, kiasi na tarehe. Dai kwa heshima, kwa sauti ya chini, mbele ya wenzako. Wapanda moto wasafiri wawili au watatu pamoja, maana anayesafiri peke yake ndiye anayekamuliwa. Na mahali penye mtu wa bunduki asiyejulikana ni wa nani, toa anachotaka upite salama. Chama hakimtumi mtu yeyote afe kwa faranka elfu mbili. Ila ukifika, andika.

Hapo ndipo linapoingia la pili, yaani daftari. Kila mpanda moto, kila mwenye mashine na kila mwenye mtumbwi wa injini awe na daftari ya shule ya kawaida. Aandike tarehe, mahali aliponunua mafuta, bei ya lita, njia aliyopita, na kila mahali alipotozwa, kiasi gani, kwa kitansi au bila kitansi. Msiandike majina ya askari, andikeni mahali na huduma. Asiyeandika amsimulie mtoto wake anayesoma. Siku zote tukienda Kasongo kulalamika tunaulizwa: mna ushahidi gani? Tunarudi tumenyamaza. Daftari za watu wengi, zilizoandikwa kila mmoja kwake na zikakubaliana, hakuna ofisi itakayozikanusha kwa urahisi.

Kwa wenye mashine wenzangu: tuandike ukutani bei ya kukoboa na bei ya mazutu tuliyonunulia, zikae pamoja, mama asome zote mbili. Mazutu yakishuka, bei ya kukoboa ishuke wiki hiyohiyo. Tutawezaje kudai uwazi wa Kinshasa huku mashine zetu hazina uwazi? Tena ninapendekeza tununue mazutu kwa pamoja, pipa zima kutoka Kasongo au kutoka kwenye treni ya Samba, wakati wa kiangazi kabla njia haijafa. Mazutu hukaa vizuri kuliko esansi na hayawaki haraka kama esansi. Esansi msiihifadhi ndani ya nyumba za kulala wala karibu na jiko. Tumekwisha kuzika watoto kwa sababu ya bido moja na kibatari kimoja.

Kwa wapanda moto: kila kituo cha afya kiwe na bido la wagonjwa. Kila mpanda moto wa chama atoe chupa moja kwa mwezi, muuguzi alitunze kwa kufuli, na kila chupa inayotoka iandikwe, imembeba nani na lini. Bido hilo lisiguswe kwa harusi, wala kwa mgeni wa serikali, wala kwa mwenyekiti wa chama. Ninajua chupa moja si kitu kidogo kwa kijana mwenye moto ya mkopo. Ninaiomba hata hivyo.

Juu ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya mikono kwenye barabara, kamati iligawanyika, nami nasema langu. Wako waliosema: tukitengeneza wenyewe tutakuwa tumelipa mara mbili, kwa mafuta na kwa jembe. Wana haki. Lakini mvua haingoji hoja ziishe. Tufanye pale tu maji yanapokatiza njia: mifereji, miti ya madaraja madogo, mashimo mawili matatu yanayojulikana kwa jina. Tuandike idadi ya watu na siku walizofanya kazi, wazee wa kijiji watie sahihi. Nchi yetu inayo tayari mpango wa kamati za mitaa za matunzo ya barabara, zile CLER, ambazo hulipwa kwa kufyeka, kuziba mashimo na kufungua mifereji kwa mkono. Kazi yetu ikiandikwa vizuri, itakuwa hoja ya kudai mkataba wa CLER kwa kila sehemu ya njia, kulipwa kutoka mfuko uleule unaotukata kwenye lita.

Na hilo ndilo jambo kubwa la waraka huu: ombi la maandishi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, na kinailazimisha mamlaka hiyo kujibu katika miezi mitatu. Miezi mitatu, imeandikwa. Tutaiandikia FONER na Ofisi ya Barabara, kwa nakala kwa Gavana wa Maniema, kwa Bunge la Jimbo mjini Kindu, na kwa wabunge wa taifa waliochaguliwa Kasongo na Kabambare. Tutauliza fedha ya matengenezo iliyopangwa kwa njia ya Nyangwe hadi Kasongo, ya Kasongo hadi Kabambare na ya Kasongo hadi Kindu ni kiasi gani kila mwaka, imepewa nani, na imefanya kazi kilomita ipi. Tutaomba karatasi ya bei ya mafuta ibandikwe kwenye ofisi ya teritwari na sokoni, pamoja na orodha ya tozo halali kwenye kila barieri ya serikali, na barieri isiyo na orodha iondolewe. Jimbo nalo tutaliuliza juu ya asilimia 40 ya mapato ya taifa ambayo kifungu cha 175 cha Katiba kinasema ibaki majimboni. Majimbo yamelalamika miaka yote kwamba hayaipati kama ilivyoandikwa, na wabunge wetu wanapaswa kutuambia wameifuatilia namna gani.

Mtu asiseme tunaomba mambo yasiyowezekana. Ng'ambo ya Tanganyika, kwa majirani wa Tanzania ambako mafuta yetu mengi hupita, EWURA, mamlaka inayosimamia bei ya mafuta, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi bei ya juu kabisa ya lita, mji kwa mji, na Kigoma ikiwemo. Mkulima wa Kasulu anajua mwenye pompi akimwibia. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania iliongeza shilingi 100 kwa kila lita, na ikasema mbele ya Bunge kwamba ni kwa ajili ya barabara za vijijini zilizo chini ya wakala wake uitwao TARURA. Watanzania walinung'unika, na walikuwa na sababu. Lakini wanajua shilingi ile ina jina gani na waende mlango upi kuiuliza. Sisi tunataka hilo tu kwa kuanzia: kujua mlango.

Karatasi za sahihi zimekwisha tumwa kwa wahasibu wa vijiji pamoja na waraka huu. Asiyeandika aweke dole gumba, na mama waweke kwa jina lao wenyewe, si kwa jina la mume, maana wao ndio wanaolipa zaidi. Mwenye neno la kusahihisha katika ombi alilete kwa mjumbe wake kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi hapa Nyangwe. Baada ya mkutano huo wajumbe watatu, mmoja wa kila sehemu, watazipeleka karatasi pamoja na daftari hadi Kasongo, watadai muhuri wa kupokelewa kwenye kila nakala, na siku ya muhuri ndiyo tutakayoanzia kuhesabu miezi mitatu. Gharama ya safari yao itatoka kwenye mfuko wa chama, na hesabu yake itasomwa kwenu.

Leteni daftari. Anayekuja mkutanoni bila daftari aje pia, lakini ajue kwamba jirani yake ameandika.

Katibu, kwa niaba ya kamati,
Nyangwe